Baridi ya Chumba cha Mama

Kiponda, Unguja
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mdogo wangu Mahfoudh,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto halitaki tena ngazi, na ngazi za nyumba hii unazijua. Ami Masoud kapata miwani mipya. Sasa anasoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti za chumvi, na anatusomea kwa sauti, tupende tusipende.

Utashangaa kupata karatasi. Anakuletea Bi Nasima, anayekuja Maskati kwa mwanawe, na jibu umpe yeye au mwengine yeyote anayerudi. Simu zako nimeziona zote. Sizipokei, na sababu unaijua, lakini nakuandikia usije ukajifanya huijui: neno la kwenye simu nshalionja. Kuanzia sasa nataka la kuandikwa, lenye tarehe na jina lako chini, nilitie kwenye mtoto wa meza, siku nikilitaka nilitoe.

Mwanangu Nadhira ana mimba. Ya kwanza, mashaallah, na spitali wamemwambia katikati ya Januari. Arobaini yake ataikalia wapi kama si kwa mama yake? Lakini Januari, Mahfoudh! Joto la kaskazi na mtoto mchanga ndani ya nyumba hii ya mawe isiyopitisha hata upepo wa kuzimia kibiriti. Chumba chenye AC ni kimoja tu, kile cha juu, ulimofunga mashine mwenyewe ulipokuja likizo. Wewe ndiye fundi, unatengeneza AC za Waarabu mwaka wa kumi na tisa huu. Basi niandikie vitu vya kuangaliwa kabla joto halijaingia.

Na jengine. Nadhira kasema hatalala chumba kile. Mara tatu kaja kunitazama, kanikuta mimi jikoni, na juu mashine inanguruma chumba kimefungwa kufuli. Mara ya mwisho alikuwa bado yuko uchochoroni, maji ya ule mpira wa mashine yakamtona begani. Kaingia ndani mbio. Mie nimemwambia ni mambo ya umeme. Kanijibu kama ni umeme basi yeye anakwenda kwa mkwewe Chukwani, kwenye nyumba mpya ya AC tatu. Binti yangu wa pekee, akalelewe uzazi na mama wa mwenzake, na mimi niko hai! Sitaweza kupita sokoni.

Kwa hivyo niandikie pia ni kwa nini mashine inaweza kuwaka yenyewe. Niandikie vizuri, nimsomee.

Dada yako,
Mashavu

*

Maskati
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Dada yangu Mashavu,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi mzima, kazi nyingi, joto la huku limeanza kupungua. Hongera kwa habari ya Nadhira, Mungu amfikishe salama. Pole na goti. Nimempa Bi Nasima dawa ya kuchua.

Kuhusu mashine. Kwanza zima swichi ya ukutani, usitegemee rimoti. Kifuniko cha mbele kinavutwa kwa pande mbili, polepole, kitafunguka. Ndani mna machujio mawili. Kwa jinsi chumba kilivyofungwa muda wote huo, utayakuta yamevaa vumbi kama sufi. Yaoshwe kwa maji na brashi laini, yaanikwe kivulini, juani yatapinda. Kisha mashine ya nje. Huko kwetu adui si vumbi, ni chumvi. Lile bati la nyuma lenye mikunjo huliwa na chumvi mpaka linamomonyoka kama biskuti, basi limwagiwe maji baridi, lisisuguliwe. Iangaliwe kama mjusi kaingia kwenye nyaya, wanapenda kufia mle. Mwisho mimina kikombe kimoja cha maji kwenye sinia la ndani, mtu asimame uchochoroni aone kama yanatoka kwenye mpira. Yasipotoka, mpira umeziba.

Ikishawekwa sawa iwashwe nusu saa kwenye nyuzi ishirini na nne. Mzazi na mtoto mchanga ishirini na sita inatosha. Msiiweke kumi na sita. Kumi na sita hamna anayeihitaji.

Ya kuwaka yenyewe, mwambie Nadhira asiogope. Umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingi huwaka tena kama zilivyoachwa. Mashine hukumbuka hali yake ya mwisho. Mkizima swichi ya ukutani haitawaka, hilo nakuhakikishia.

Nisalimie Ami Masoud, kama ananiulizia.

Mdogo wako,
Mahfoudh

*

Kiponda
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mahfoudh,

Marahaba. Dawa nimepata, inanuka kama banda la mbuzi lakini inasaidia. Vuli imeanza, mvua ya juzi imeingia mpaka ukumbini. Nadhira kashahamia kwangu, tumbo limetoka, anakula udongo wa pemba kwa kujificha kana kwamba mie sikuwahi kuwa na mimba.

Barua yako nimemsomea. Kurasa tatu, mjusi yumo, chumvi imo, biskuti imo. Mama hayumo. Umeandika "chumba kilivyofungwa" kama vile ni stoo ya mtu. Mie nami niliandika "chumba cha juu", nakubali. Nilitaka nione utakiitaje.

Swichi ya ukutani nimeizima mbele ya macho ya Nadhira. Alhamisi iliyofuata mashine ikawaka. Nadhira kamleta Mwalim, yule anayesomesha Kurani chuoni pale nyuma, kasoma mlangoni, kanywa chai, kaondoka. Alhamisi ikawaka tena. Ni Alhamisi kila mara. Mama alikufa Alhamisi, ikiwa umesahau. Nadhira kashaanza kupeleka nguo za mtoto Chukwani, mkoba mmoja mmoja, anadhani sioni.

Na Ami Masoud hakuulizii.

Nina suali moja tu. Unaniambia tusiiweke kumi na sita. Aliyeitaja kumi na sita nyumba hii ni nani, kama si wewe? Mama kafariki alfajiri, tarehe nane Februari, kaburi likachimbwa asubuhi ile ile, azikwe baada ya Adhuhuri kama watu wote wanavyozikwa. Ukapiga simu ukasema nisubirini, nnakuja, iwekeni mashine kumi na sita. Tukaiweka. Mama kazikwa Ijumaa baada ya Alasiri. Saa thelathini na nne, Mahfoudh, nimezihesabu mpaka nimechoka, na wewe hukutokea, wala hujatokea mpaka leo.

Ulikuwa wapi?

Mashavu

*

Maskati
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Ulichoniuliza sitakijibu leo. Naomba unisamehe kwa hilo.

Nakuletea fundi. Anaitwa Sabri, anakaa Mwanakwerekwe, nilifanya naye kazi huku miaka minne, nilimfundisha mwenyewe. Ni mtu mzima, ana adabu, hatakupotezea wakati. Mpe ufunguo aangalie kila kitu. Mashine haiwezi kuwaka na swichi imezimwa. Haiwezekani, Dada. Nimeifikiria kila upande.

Nitakwambia kitu nisichomwambia mtu. Tangu barua yako ifike naogopa Alhamisi. Alhamisi iliyopita nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya watu, mashine ya chumba cha pili ikawaka, mtoto wao tu kabonyeza rimoti. Nilishuka nikatoka mpaka barabarani, vifaa vyangu nikaviacha. Mwenye nyumba kaniletea mkoba nje, kaniuliza kama nimeona nyoka.

Mahfoudh

*

Maskati
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Sikupata jibu lako na huenda barua zimepishana njiani, lakini Sabri amenipigia na nimekaa siku mbili sijui niandike vipi.

Anasema ulimpa ufunguo ukashuka jikoni, hukutaka kuingia naye. Anasema kufuli limetiwa mafuta. Mashine ya nje haina shida, imeliwa kidogo pembeni. Mpira uko wazi. Kisha kafungua kifuniko cha mbele.

Machujio ni safi, Dada. Nilimuuliza mara tatu. Kasema safi kama yametoka dukani, hata unyevu ulikuwa haujakauka vizuri pembeni. Betri za rimoti mpya. Msala wa kusalia umetandikwa karibu na kitanda, na chetezo cha udi kina majivu. Rimoti ilivyoandika ni kumi na sita.

Hii ndiyo kazi yangu, sina nyengine niijuayo. Chumba kilichofungwa miezi kumi hakina chujio safi. Jini haoshi chujio akalianika kivulini. Kuna mtu anaitunza mashine ile kuliko ninavyozitunza mimi ninazolipwa.

Sabri hakumwambia Nadhira kitu. Nimemkataza. Kwa hivyo hili liko baina yangu na yako tu.

Mahfoudh

*

Kiponda
Jumamosi, 21 Desemba 2024

Mahfoudh,

Tuko wazima. Salamu za leo zimeishia hapo.

Ni mimi. Ushafurahi? Kila Alhamisi baada ya Alasiri napanda na goti langu hili, nafungua kufuli, naiwasha kumi na sita, nasoma Yasini. Nikimaliza nafunga, nashuka, naiacha ikiwaka mpaka Isha. Chujio naliosha tangu mwezi wa tatu, wewe hukunifundisha kitu. Nadhira alipoanza mambo ya mzuka nikanyamaza. Mzuka watu wanauelewa. Mie ningejieleza vipi?

Sasa nitakwambia ya siku ile, maana hakuna aliyekwambia.

Ulipopiga mara ya kwanza Mama alikuwa bado ana joto mwilini. Ami Masoud kasema maiti haisubirishwi. Nilimshika miguu, Mahfoudh, mtu mzima mimi, nimepiga magoti mbele ya watu: mwanawe wa kiume wa pekee, Ami, mpe nafasi amuone. Akakubali, na mpaka leo hajanisamehe. Tukakaa wanawake sita mle ndani tumejifunika mablanketi. Februari! Nje watu wanayeyuka, sisi meno yanagongana. Yale maji ya mpira yakawa yanatona barazani, juu ya wanaume waliokaa kukungoja. Ami kahamisha kiti mara mbili. Mara ya tatu hakuhama, kaacha yamtone kwenye kanzu, kaangalia chini.

Ijumaa asubuhi ukapiga ukasema uko Dar, unangoja ndege ndogo. Nyuma yako nikasikia mtu anawaita kwa Kiarabu abiria wa Salala, ya huko huko Omani. Lini Dar ikawa na ndege ya Salala? Nikajua. Saa ile ile nikajua hujatoka Maskati na hutoki. Nikakata simu, nikatoka ukumbini, nikawaambia wazee: yuko Dar, muda wa saa mbili tu anafika. Wakasubiri tena. Safari hiyo walisubiri kwa neno langu, si lako.

Kisha nikarudi ndani nikamuinamia Mama sikioni nikamwambia: mwanao yuko njiani.

Nimemdanganya mama yangu na yeye keshakufa. Mtu hai utamfuata umtake radhi, utamlilia, atakusamehe au atakufukuza. Huyu nimfuate wapi? Basi nakiweka chumba baridi kila Alhamisi kama vile bado tunangoja. Nikiacha, itakuwa ndiyo namwambia kwamba huji. Najua ni wazimu. Nimefika pahala nimempoteza mwanangu na mjukuu wangu kwa ajili ya wazimu huo, maana Nadhira kaondoka Jumatatu, yuko Chukwani, na kitanda cha mtoto kimekwenda.

Langu nshasema. Sema lako. Na wallahi ukiniandikia habari za chumvi, barua naichoma na bahasha yake.

Mashavu

*

Uroa
Jumatatu, 6 Januari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Angalia tena nilipoandika mahali, sikukosea. Niko Uroa, hapa hapa Unguja, tangu Ijumaa. Nilishuka uwanja wa ndege mchana, dereva kaniuliza mjini? Nikasema mjini. Tulipofika Amani nikamwambia ageuze. Mwenye hoteli moja hapa namfahamu, ana mashine kumi na nne hazijasafishwa tangu wageni wa mwaka jana, na mimi namsafishia kwa kitanda na chakula. Kila siku nasema kesho naingia mjini. Leo ni siku ya nne.

Kwa hivyo hata kabla sijakujibu ushaona jibu.

Siku ile tikiti nilikuwa nayo. Tajiri wangu kaninunulia mwenyewe na kanipeleka uwanjani kwa gari lake. Wakaniita kwa jina, mara tatu, kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango wenyewe. Sikuinuka. Ndege ikaondoka na begi langu. Nikakaa palepale mpaka Ijumaa mchana, nikawa nakupigia kutokea pale.

Sikufungwa, sikuumwa, hakuna aliyenizuia. Nimetafuta sababu miezi kumi na moja nipate ya kukuandikia. Niliyoipata ni hii: mlipokuwa mnanisubiri, Mama alikuwa bado yumo chumbani mwake, na mimi nilikuwa mwanawe anayekuja. Mkishamzika ningekuwa mwanawe asiyekuja. Niliogopa, Dada. Nikaona bora nirefushe. Sikuwaza mablanketi, wala Ami na kanzu yake, wala wewe.

Kila mwaka kabla ya kaskazi Mama akinipigia: Mahfoudh, njoo uiangalie mashine, haivuti. Nami namwambia safisha chujio, Mama, iko sawa. Sabri kaniambia mashine ile haijawahi kuharibika. Haina alama ya kufunguliwa hata skrubu moja. Alikuwa anataka nije.

Ulilomnong'oneza sikioni si lako, ni maneno yangu, wewe uliyafikisha tu. Mzigo huo nipe mimi.

Anakuletea Sabri. Tafadhali Nadhira asijue kama niko hapa. Nikipata nguvu nitakuja mwenyewe.

Mahfoudh

*

Kiponda
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mahfoudh,

Marahaba, na upokee habari njema: Nadhira kajifungua Alhamisi alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, nywele mpaka masikioni. Mamake mzima kabisa, kanilalamikia uji mara nne tangu jana.

Barua yako kanipa Sabri Jumanne. Nimeisoma jikoni, nimelia, kisha nikakasirika kwa kuwa nalia, na chapati imeungua. Nilitaka nikuchukie vizuri, ningekuwa nishamaliza. Imekataa.

Siku ya pili, Jumatano, nikapanda juu. Nikafungua madirisha yote, joto likaingia. Nikasimama pale kitandani nikasema kwa sauti: Mama, Mahfoudh hakuja, na mimi nilijua, nikakudanganya. Hakukutokea kitu. Jirani wa ng'ambo alikuwa anaanika nguo, kasikia, kaingia ndani haraka. Nikakaa hadi kanga ikanigandana mgongoni, ndipo nikashuka.

Kisha nikenda Chukwani kwa miguu yangu, nikamwambia Nadhira yote. Na ya Uroa nimemwambia, ndiyo, uliyonikataza. Siri za nyumba hii nimechoka nazo. Kasema, "Mama, si ungeniambia tu, nikapanda na wewe?" Usiku ule ule uchungu ukamshika. Jana asubuhi tulipotoka spitali hakuuliza pa kwenda. Kamwambia dereva Kiponda.

Sabri alikuwa juu ya ngazi anamalizia mashine, ishirini na sita kama ulivyosema. Mumewe Nadhira, Anuar, yuko kazini kwenye boti, kakwama Pemba. Ami Masoud kaenda Kizimkazi mazikoni. Mtoto alikuwa bado hajaadhiniwa sikioni. Nadhira kaniuliza, "Tumngoje Mjomba? Si yuko Uroa tu, mwendo wa saa moja."

Nikasema hapana.

Sabri kashuka kwenye ngazi, kanawa mikono mpaka viwiko, kampokea mtoto. Kaadhini sikio la kulia, kakimu la kushoto. Ana sauti nzuri yule, hukuniambia. Ilikuwa haki yako, Mahfoudh. Nimeitoa mwenyewe kwa mtu niliyemjua mwezi mmoja, na nilipoitoa sikusikia uchungu. Niliusikia baadaye, nilipokuwa nafua nepi.

Hilo la sikio la Mama umelitaka, basi chukua nusu. Nusu nyengine yangu.

Jumatano ni siku ya saba. Tunamnyoa nywele, mbuzi kapatikana. Jina atatoa babake. Usidhani ataitwa Shemsa, jina la Mama, Nadhira hataki, kasema mtoto aanze na lake. Ami karudi, nimemwambia uko kisiwani. Hakuinuka akaondoka. Wembe nataka uushike wewe, maana wewe ndiye mjomba. Ukikosekana, Sabri yupo.

Tunaanza saa nne asubuhi. Watu watakaa, wataniuliza mjomba wa mtoto yuko wapi, na mie nitawaambia sijui. Safari hii simwambii mtu kwamba uko njiani.

Dada yako,
Mashavu